Mpaka Mtoni

Watu wakisikia kwamba shemeji yangu Mbaruku Mhina alisoma Ulaya, na kwamba kila mwisho wa juma alikuwa safarini, Ujerumani wiki hii, Uswidi wiki ijayo, humvutia kiti wakamwomba asimulie. Mimi huchukua ungo wangu nikaenda kupepeta nje. Simchukii shemeji. Ila najua kitakachofuata. Mgeni atauliza habari za majumba ya wafalme, Mbaruku atasema hakuyaona. Mgeni atauliza habari za makanisa makubwa, Mbaruku atasema aliona ncha ya moja kupitia dirisha la treni. Mwisho mgeni atachoka na kuuliza, sasa huko ulikuwa unakwenda kufanya nini? Na Mbaruku atajibu, bila hata kuona haya, kwamba alikuwa anasindikiza.

Kwa kuwa yeye akisimulia huacha mambo ya maana na kukazania majina ya mito, nitasimulia mimi Hajira, mdogo wake mkewe, niliyeyasikia haya mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kwetu Kwaluguru mgeni haachwi mlangoni. Mtasema hata kwenu ni hivyo. Lakini upande wetu wa kijiji ulikuwa na kipimo: mgeni husindikizwa mpaka mtoni. Unambebea mzigo, mnakwenda mkizungumza, mnafika kwenye maji, mnasimama kidogo na kuulizana habari za watu ambao mmekwisha kuulizana asubuhi, kisha unamkabidhi mzigo wake na yeye anavuka. Anayeachwa kabla ya maji amefukuzwa. Na maji yenyewe lazima yawe yanakwenda. Kisima si mto, lambo si mto. Wazee waliopanga haya hawakuwahi kufikiria treni.

Mbaruku alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa nyumba hii na nyumba ile, na nadhani ndiyo sababu alizishika mila za kijiji kama mtu aliyekabidhiwa mali ya watu. Alimpenda dada yangu Hamisa, na Hamisa alimpenda, jambo ambalo kila mtu alilijua kwa sababu mahindi ya kwetu yalichukua muda mrefu mno kupimwa.

Mwaka 1968, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, serikali ilitaka vyama vya ushirika viwe na watu waliosoma. Mbaruku akachaguliwa kwenda kusoma mambo ya ushirika Denmark, pamoja na kijana wa Kisambaa kutoka Mashewa aliyeitwa Habakuki. Akaja nyumbani kumwomba baba yangu, Mzee Isihaka, amchumbie Hamisa kabla hajaondoka. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yaliuma. Alisema akirudi na cheti atakuwa katibu wa ushirika, na katibu atapewa mke. Akirudi bila cheti atakuwa mpima mahindi, na mpima mahindi wala hahitaji kubisha hodi.

Baba hakuwa anatania. Kulikuwa na Salimu, mwenye duka pale Mkata, mwenye redio na pikipiki, ambaye alikwisha kutuma watu. Salimu hakuwa mbaya. Aliuza sukari bila kuichanganya na mchanga, na hilo kwa siku zile lilikuwa jambo la kutajwa. Kasoro yake ni kwamba ukimuaga alikuambia karibu tena akiwa ameketi.

Chuo chenyewe kilikuwa kwenye kisiwa. Siku za wiki walisoma hesabu za vyama na namna ya kutunza maziwa yasichache, na Ijumaa jioni wanafunzi wote, Waghana, Wahindi, Waganda, walitawanyika kwenda kutazama Ulaya. Habakuki alinunua kamera. Mbaruku alibaki chumbani, kwa sababu hakuelewa mtu anawezaje kwenda mji ambao hana wa kumpigia hodi. Alimuuliza Habakuki, huko Hamburg nani anakungoja? Habakuki akasema hakuna. Mbaruku akamhurumia.

Sasa Habakuki akafanya kosa. Kabla ya kuondoka alipita chumbani kwa Mbaruku kumuaga. Mtu akikuaga amekwisha kuwa mgeni anayeondoka, na mgeni anayeondoka ana haki zake. Mbaruku akavaa viatu, akachukua begi la mwenzake, wakaenda mpaka stesheni. Pale Habakuki alinyoosha mkono apokee begi. Mbaruku akauliza mto uko wapi.

Mto haukuwapo. Kile kisiwa kilikuwa na vijito ambavyo ukivijumlisha vyote havitoshi kuogeshea ng'ombe wa mtu mmoja. Habakuki, aliyezaliwa milimani ambako ukitema mate unapiga kijito, alidhani ni mzaha. Akaingia ndani ya treni akicheka, na Mbaruku akaingia nyuma yake na begi. Treni ikaenda mpaka pwani, ikaingia nzima nzima ndani ya meli, ikavuka bahari. Habakuki akasema haya, maji hayo. Mbaruku akajibu kwamba bahari haiendi popote, inakwenda na kurudi, kama mtu asiye na kwao.

Upande wa pili askari wa mpakani alimuuliza Mbaruku anakwenda kufanya nini Ujerumani. Akasema anasindikiza. Utakaa muda gani? Mpaka mtoni. Askari akamwita mwenzake, wakafungua begi lake wakakuta nguo za ndani za mtu mwingine. Habakuki ilibidi aeleze, huku amefunika uso kwa kofia, kwamba kwao huo ndio ustaarabu. Walipofika Hamburg, kwenye mto mkubwa uitwao Elbe, Mbaruku aliutazama akaridhika. Alisimama na mwenzake darajani, akamuuliza habari za wazee wake wa Mashewa, akamkabidhi begi, akageuka kurudi stesheni. Habakuki alikaa Hamburg, akapiga picha, akala soseji, na Jumapili usiku wakakutana tena kwenye meza ya chakula kana kwamba hakuna aliyemuaga mwenzake.

Wanafunzi wengine hawakuchukua muda kugundua faida. Mtu mwenye mzigo mzito alipita kwanza kwa Mbaruku kuaga. Mghana mmoja, ambaye sanduku lake lilikuwa kama jeneza, hakukosa hata wiki moja. Posho ambayo wenzake walinunulia makoti, Mbaruku aliimalizia kwenye nauli. Alifika Ujerumani hadi askari wa mpakani wakamzoea na kumuuliza leo nani. Alifika Uswidi, akafika Norwe, na kote huko alichokiona ni stesheni, daraja, na stesheni tena. Hata leo ukitaja mji wowote wa huko, atakuambia mabenchi yake ni ya mbao au ya chuma.

Tatizo likawa Jumatatu. Treni ikichelewa, meli inaondoka. Meli ikiondoka, Mbaruku analala kwenye benchi na darasa linaanza bila yeye. Ilitokea mara kadhaa. Mkuu wa chuo akamwita na kumweleza kwa upole, upole ule wa Wazungu unaotisha kuliko kelele, kwamba mtihani wa mwisho ni Jumatatu moja ya mwezi wa sita, na asiyekuwapo hapati cheti, wala hakuna mtihani wa pili.

Hapo Mbaruku aliogopa. Alimwona Hamisa amepakiwa nyuma ya pikipiki. Akaanza kujifungia chumbani kila Ijumaa, amevuta pazia, ili asipatikane wa kumuaga. Mghana alikuja akaaga kupitia tundu la ufunguo. Mbaruku alijifunika mto wa kulalia kichwani, akijiambia kwamba asiyesikia hajaagwa. Mghana alibeba jeneza lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na inasemekana hakumsalimia Mbaruku mpaka masomo yalipokaribia kwisha.

Basi ikafika Jumamosi ya kabla ya mtihani. Mbaruku alikuwa dirishani na daftari la hesabu. Chini, uani, alimwona Bi Ellen, mpishi wa chuo.

Bi Ellen alikuwa mwanamke wa makamo ya bibi, mnene, mwenye magoti mabovu. Katika nchi ile nguruwe anaingia hata kwenye mchuzi wa kabichi, na yeye ndiye aliyemtengea Mbaruku sufuria yake, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono, na mpishi msaidizi aliyeigusa alifukuzwa jikoni kwa mwiko. Mwaka mzima Mbaruku alikula samaki na viazi kutoka kwenye sufuria hiyo. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na Kidenmark cha jikoni alimweleza bibi huyo habari za Kwaluguru, za Hamisa na za mto, na bibi alimsikiliza huku anamenya.

Sasa alikuwa anastaafu, anakwenda kukaa kwa binti yake, kaskazini kabisa ya Uswidi. Alisimama uani na masanduku mawili na saa ya ukutani iliyofungwa blanketi. Walimu walikwisha kumpa maua, wakampa mkono, wakarudi kwenye kahawa yao. Hakupanda juu kumuaga Mbaruku. Alijua habari ya mtihani, na alijua kuaga kwake kungeleta nini.

Hivyo kisheria Mbaruku alikuwa salama. Hakuagwa. Angeweza kurudisha macho kwenye hesabu, na hakuna mzee hata mmoja Kwaluguru ambaye angemlaumu. Mimi mwenyewe nimemuuliza kwa nini hakukaa, na hunijibu kwamba alijaribu, akasoma mstari mmoja mara nyingi, kisha akaona anavaa viatu.

Bi Ellen alimgombeza mpaka stesheni. Ndani ya treni akatulia, akaanza kumtafutia mito. Kila treni ilipopita juu ya maji alimgusa bega na kumwonyesha: ule pale, shuka urudi. Mbaruku alichungulia dirishani na kuukataa. Huu mwembamba. Huu una mashua za watu matajiri, si mto wa heshima. Huu umesimama, tazama lile jani. Bi Ellen alishika saa yake mapajani, ikawa inagonga saa ndani ya blanketi, na abiria wengine wakahama behewa.

Walipita mji mkuu wa Uswidi. Mbele ya hapo ukatokea mto ambao hata Mbaruku hakuwa na la kusema. Ulikuwa mpana, mweusi, una magogo yanayoelea, na ulikuwa unakwenda kwa haraka zake. Kama angeshuka stesheni iliyofuata, angewahi meli na kufika chuoni kabla ya mtihani. Bi Ellen hakumgusa bega safari hii. Alimtazama tu. Mbaruku akautazama ule mto mpaka ukaisha, akasema hapana, unatiririka vibaya.

Alimfikisha mpaka mlangoni kwa binti yake, Jumapili, jua likiwa linakataa kuzama kama ilivyo huko. Mtihani ulipoanza Jumatatu, Mbaruku alikuwa bado ndani ya treni, anarudi kusini.

Habakuki alitangulia kufika nyumbani, na cheti na picha zake, na habari. Alizileta mwenyewe Kwaluguru, na namsifu kwa hilo, kwani alizisema kwa uchungu bila kuongeza chumvi. Hamisa alikwenda kutwanga, akatwanga mahindi ambayo yalikwisha kutwangwa. Watu wa Salimu wakarudi tena, na safari hii baba hakuwaambia wasubiri. Aliwaambia waje Ijumaa baada ya swala.

Mbaruku alikuja alfajiri moja kabla ya Ijumaa hiyo, na sanduku lake kichwani. Bwana Ushirika wa Handeni alikwisha kumsema mpaka akaishiwa maneno, na hata kazi ya mizani alipewa mwingine. Alimwamkia baba, akaitikiwa marahaba. Hakuomba kitu. Alisema amekuja kumrudishia mzee neno lake, kwamba cheti hana, na anakwenda Korogwe kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Hakumuaga mtu mwingine yeyote kijijini, kwa aibu.

Baba akasema vyema. Kisha mama na mimi, tuliokuwa nyuma ya mlango, tuliona jambo linampanda taratibu. Kijana aliyeingia nyumbani kwake ameaga. Hakumuaga mwingine. Basi wa kumsindikiza ni nani? Baba alivuta pumzi, akasema jina la Mungu, akachukua fimbo yake na kunyanyua lile sanduku.

Ilikuwa kiangazi. Kwa masika pana mto karibu tu na shamba letu, lakini siku hiyo ulikuwa mchanga mtupu na mbuzi wamelala ndani. Mbaruku alisema, "Mzee, hapa panatosha. Masika huu ni mto."

Baba akasema, "Masika si leo."

Mto wa pili ulikuwa mchanga. Wa tatu ulikuwa na tope na chura mmoja, wakajadiliana kuhusu huyo chura, wakaendelea. Walipofika barabarani Mkata walikuwa wamechoka vibaya. Walipita mbele ya duka la Salimu, naye akawapungia mkono, akawauliza safari ya wapi, akawatakia heri, yote hayo akiwa ameketi. Likaja lori la magunia linalokwenda Korogwe. Baba akapanda juu ya magunia na sanduku, kwa kuwa mto wa karibu wenye maji ya uhakika sasa ulikuwa Pangani.

Juu ya magunia ndipo baba alipouliza. Hapa wanasimulia tofauti, kila mmoja akitaka aonekane hakulia, lakini maneno yenyewe wanakubaliana.

"Ule mto mkubwa wa Uswidi," baba alisema, "ulikuwa na maji?"

"Ulikuwa nayo, mzee."

"Mengi?"

"Mengi."

"Basi kwa nini hukurudi?"

Mbaruku akasema, "Mbele kulikuwa na stesheni ya kubadilisha treni, na yeye ana masanduku mawili na saa na magoti mabovu. Niliona nikimwacha pale nitakuwa nimetimiza mila na kumtupa mtu."

Baba akauliza yule bibi alisema nini walipofika. Mbaruku akasema hakusema mengi. Alisema maishani mwake amewapikia watu maelfu, na hakuna aliyewahi kumfikisha hata stesheni, mumewe akiwamo. Kisha akafunga mlango haraka kwa sababu alikuwa analia, na saa ikabaki nje, ikabidi Mbaruku agonge tena.

Lori likafika Korogwe.

Mto Pangani ulikuwa umejaa, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda. Hakuna ambaye angeweza kuutia kasoro. Wakasimama ukingoni. Baba akauliza habari za watu wa Kwaluguru, ambao wote walikuwa wamewaacha asubuhi ile. Kisha akamkabidhi sanduku. Mbaruku alilipokea, akashika mkono wa baba kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini hakuvuka. Alisimama anaangalia miguu ya baba, iliyokuwa imevimba.

"Mzee, utarudi na nani?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema mtoto. Nauliza utarudi na nani."

Baba alitaka kukasirika, akatafuta hasira akaikosa. Ukweli ni kwamba hakuwa na mtu wa kurudi naye. Akaketi juu ya sanduku. Wanasema walikaa pale muda mrefu, wanaangalia maji, na baba ndiye aliyeanza kucheka.

Nyumbani tulikuwa tumeanza kuhangaika. Mama alikwisha kutuma watu Mkata, wakarudi na habari kwamba mzee ameonekana juu ya lori. Hamisa hakula. Mimi nilikula, maana lazima mtu mmoja awe na nguvu. Mchana wa siku ya pili tukasikia hodi, tukatoka, tukawakuta wote wawili uani, vumbi mpaka kwenye kope, baba ameegemea bega la Mbaruku, na Mbaruku ana sanduku kichwani na fimbo ya baba mkononi.

Mama aliuliza nini kimetokea. Baba akasema amejaribu kumwondoa huyu kijana, amempeleka mpaka kwenye maji ya Korogwe, na haondoki. Akaagiza mtu apelekwe Mkata kumwambia Salimu asisumbuke Ijumaa.

Hamisa alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji ya kunawa, hajui aanzie wapi, kwa kuwa mgeni ndiye hutangulizwa. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akauliza kwa sauti ndogo mgeni ni nani hapa.

"Hapa hakuna mgeni, mwanangu," baba alisema. "Tunawishe, tuna njaa."